Hapana ya Kwanza

Jumatatu, 13 Oktoba

Joto la Solo mwezi huu halina adabu, na ndicho kitu pekee mjini hapa kisicho na adabu.

Mkuu mpya wa chuo ameanza kazi leo: Profesa Tiurma Pardede, Mbatak, kabila la watu wa kusema wazi, kutoka Medan. Sauti yake ilifika kwetu kabla yake. Ofisi yetu iko nyuma ya kantini, chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, na kazi yetu ni kuwatafutia wahitimu ajira: kuwaandikisha wasifu, kuwafunza usaili, kuwabembeleza waajiri kwa simu. Mlangoni pameandikwa "Wigati Prabandari, Kaimu Mkuu wa Ofisi ya Ajira". Nimekaimu muda mrefu mpaka rangi ya neno "Kaimu" imepauka. Nuning, msaidizi wangu, anasema tukingoja kidogo litafutika lenyewe, nami nitakuwa nimepanda cheo bila kumsumbua mtu.

Bu Tiurma ('Bu' kwetu ni 'mama' ya heshima) alisimama mlangoni, hakukaa. "Bu Wigati, wanafunzi wako wanapata kazi?"

Nikasema, "Kidogo kidogo, Bu, Mungu akijalia."

"Hilo si jibu," akasema, akaenda zake.

Nimemsimulia mama jioni wakati wa kula. Akatikisa kichwa. "Watu wa Medan wakisalimiana utadhani wanagombana. Sijui wakigombana inakuwaje."

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua ya kwanza. Dari inavuja juu ya meza ya Nuning. Ndoo moja.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeitwa na Mkuu wa Chuo. Niandike taratibu.

Bu Tiurma hakuuliza habari za mama wala za mvua. Kabla sijakaa vizuri akasema, "Nimeangalia kazi yako. Ofisi ile ingeshakufa kama si wewe. Nataka uwe mkuu kamili. Bajeti yako mwenyewe, kiti chako kwenye baraza. Unasemaje?"

Jamani. Siku hii nimeiota nikiwa macho na nikiwa usingizini. Nilitaka kuruka juu ya meza yake. Lakini mimi ni mtu wa Solo na nimelelewa na mama yangu, na mtu wa Solo akipewa kitu kikubwa hakirukii kama fisi. Anakataa kwanza. Hapana ya kwanza ni hodi tu. Anayetoa anasisitiza, unakataa tena kwa sauti ya chini kidogo, anasisitiza tena, na mara ya tatu ndipo unainamisha kichwa na kusema, "Kama ndiyo amri yako." Hata kikombe cha chai huwa tunakipokea hivyo, sembuse cheo. Sisi jambo hili tunaliita *sungkan*, haya ya kumwonea mwenzio haya, na asiye nalo tunasema hakupata malezi.

Kwa hiyo nikatazama chini nikasema, "Ah, Bu, mimi bado sijui kitu. Wapo wengi wanaostahili kuliko mimi."

Nikangoja.

"Una hakika?" akauliza.

Nikaihesabu hiyo kuwa mara ya pili. Nikasema kwa unyenyekevu zaidi, "Ningeogopa kukuangusha, Bu."

Akasimama, akanishika mkono, akautikisa kama anachota maji kwa pampu. "Haya. Nakushukuru kwa ukweli wako. Ni watu wachache wanaojua mipaka yao."

Nikajikuta nje kwenye korido, mlango umefungwa nyuma yangu, na mara ya tatu imebaki ndani.

Mama amefurahi sana. "Umefanya vizuri, Nduk, binti yangu. Kesho atakuita tena. Ya tatu ndiyo yenyewe."

Jumanne, 4 Novemba

Hakuniita.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuniita. Mvua. Ndoo mbili.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepita mbele ya ofisi yake asubuhi, mchana na alasiri, nimebeba faili lisilo na kitu ndani. Alasiri akanipungia mkono. Hakuniita.

Jumatatu, 10 Novemba

Kikao cha wakuu wa idara. Bu Tiurma amenitaja mbele ya watu wote. Amesema nimepewa cheo nikakikataa kwa sababu najua uwezo wangu unaishia wapi, na kwamba angependa chuo hiki kiwe na watu wakweli kama mimi. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanya nini?

Jumanne, 18 Novemba

Leo tulikuwa na mgeni niliyemwomba miezi mingi, Cik ('dada') Meilan, mkuu wa ajira wa kiwanda cha sosi ya soya na pilipili huko Surabaya. Mama mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa. Watu wa Surabaya wanasema kinachowajia, na Cik Meilan ni Msurabaya hasa. Alipoingia alitazama ndoo zetu akasema, "Mnafuga samaki?"

Alikuja kutafuta wahitimu wa teknolojia ya chakula. Nilimpelekea walio bora kabisa, na wa kwanza kati yao Tunjung, binti kutoka mji wa Wonogiri, ambaye ameandika utafiti wake kuhusu uchachushaji wa soya. Ukimwonjesha sosi anakuambia soya ililala kwenye chumvi muda gani. Nikakaa nje mlangoni nikiomba dua.

Mchana Cik Meilan akatoka peke yake, amekunja mikono.

"Bu Wigati, sijaajiri hata mmoja."

"Hawakujua maswali, Cik?"

"Wamejua yote! Yule Tunjung amenieleza kosa la mapipa yetu ambalo mhandisi wangu hajaliona. Nikamwambia, binti, nakupa kazi, unaitaka? Akasema, wapo wenzangu wanaostahili zaidi. Nikaita mwenzake. Naye akaniambia wapo wenzake wanaostahili zaidi. Wakaendelea hivyo mpaka wa mwisho, na huyo wa mwisho hakuwa na mwenzake aliyebaki, akanitajia binamu yake! Mama, mimi nimesafiri kwa treni kuja kukataliwa na watoto?"

Nikamwomba radhi, nikamsihi arudi Januari. Akasema atafikiri. Nadhani kwake maana yake ni kwamba atafikiri. Kwetu ingekuwa maana yake hapana.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimewaita wote na kuwagombeza. Sikumbuki nimewahi kupaza sauti hivi kazini.

"Lakini Bu," Tunjung akasema, macho sakafuni, "tulikuwa tunangoja atuulize tena."

"Atawauliza tena nani? Dunia nzima siyo Solo! Mtu akikupa kitu unachokitaka, unakaa kungoja akubembeleze? Unadhani kila mtu ana muda wa kukubishia hodi mara tatu?"

Nuning akakohoa pale kwenye meza yake. Kikohozi kirefu, hakina mafua hata kidogo. Nikamtazama. Akainamia karatasi zake na mabega yanamtikisika.

Jumatatu, 1 Desemba

Mafunzo yameanza. Somo lina neno moja tu: Naitaka.

Mas Bayu, kaka mmoja wa kundi la Tunjung, alisema "Naitaka" akifunika mdomo kwa mkono. Mwingine alisema "Naitaka, samahani." Tunjung alisema, "Naitaka, kama hakuna mwingine." Nikamwambia aseme neno la kwanza tu. Akalisema kwa sauti ambayo hata mbu asingeisikia, kisha akatoka nje kunywa maji.

Nimewapa kazi ya nyumbani: wakapokee kitu mara ya kwanza wanapokaribishwa, bila kukataa.

Ijumaa, 5 Desemba

Ripoti za kazi ya nyumbani. Tunjung alikwenda kwa shangazi yake, akaletewa chai, akainywa kabla hajaambiwa *monggo*, karibu. Shangazi akampigia simu mama yake kule Wonogiri kuuliza kama binti anaumwa.

Bayu alipewa kipande cha mwisho cha tempe, soya ya kuchachushwa, kwa jirani na akakila. Anasema hajalala vizuri tangu hapo.

Jumanne, 9 Desemba

Pak Hargo, bwana wa idara ya michezo, amekuja na serabi za moto, vibibi vya mchele na tui, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Pak Hargo haji na serabi bila sababu. Tukaongea habari za mvua, halafu goti lake, halafu mvua tena, halafu serabi, halafu mvua. Nilijua jambo linakuja, maana alikuwa amefika kwenye mvua ya tatu.

"Bu Wigati," akasema hatimaye, "Mkuu wa Chuo ameniuliza kama nataka kuongoza ofisi hii ya ajira."

Nikairudisha serabi kwenye jani.

"Nimekataa, bila shaka," akasema.

"Bila shaka, Pak."

"Wiki mbili sasa." Akachungulia nje. "Bado hajaniita tena. Na Bu Ratri wa maktaba ameulizwa pia. Naye amekataa. Naye anangoja."

Tukasikiliza matone yanavyodondoka ndooni. Watu wazima watatu, wenye shahada za kujaza ukuta, wamekaa kila mmoja mahali pake wakingoja kubembelezwa na mwanamke wa Medan ambaye hajui hata kwamba anangojwa.

"Ningejua wewe ulikuwa unaitaka," Pak Hargo akasema kwa upole, "nisingekubali hata mara ya tatu."

"Hapana, Pak, wewe unastahili zaidi."

"Hapana, wewe zaidi."

Nuning akatoka nje. Nilimsikia anacheka hadi kantini.

Jumatatu, 15 Desemba

Siku mbaya.

Katika kikao Bu Tiurma alisema hivi, na namnukuu maana maneno bado yananichoma: "Ofisi ya ajira nimewapa watu watatu wenye akili zao. Wote wameikimbia kama ukoma. Mimi sijui ina mkosi gani, lakini ofisi ambayo hakuna mtu anayeitaka haina haja ya kuwapo. Baada ya mahafali ya Februari tutaifunga. Wanafunzi watajitafutia kazi kwenye simu kama wenzao. Kuna mwenye neno?"

Pak Hargo alikuwa anatazama viatu vyake. Bu Ratri alikuwa anatazama viatu vya Pak Hargo. Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi.

"Bu Wigati, unaumwa?"

"Hapana, Bu."

"Basi tuendelee."

Mkataba wa Nuning ni wa ofisi hii. Ofisi ikifa, na kazi yake imekufa. Ana mtoto anayeanza shule mwakani. Nilipomwambia hakucheka, wala hakunilaumu, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alisema tu, "Basi nami nitakuja kwako, Bu, unifundishe wasifu," kisha akaenda kumwaga ndoo.

Nimelia njia nzima ya kurudi nyumbani ndani ya koti la mvua. Uzuri wa koti la mvua ni huo.

Jumanne, 16 Desemba

Mama: "Ngoja tu, Nduk. Mvumilivu hula mbivu."

Mimi: "Zimeshaoza, Bu."

Ameninunia. Ni mara ya kwanza kumjibu hivyo tangu nizaliwe. Nimemwomba radhi mara tatu, na mara ya tatu akapokea.

Jumatano, 31 Desemba

Mvua. Ndoo nne. Cik Meilan ameandika: anakuja tarehe kumi na mbili, na "safari hii sitaki kusikia habari za binamu."

Jumatatu, 12 Januari

Amekuja. Nikakaa tena nje mlangoni, lakini leo mlango haukufungika vizuri kwa sababu mbao zimevimba, hivyo nilisikia yote, Mungu anisamehe.

Bayu aliingia wa kwanza. Kabla hata kiti hakijalia, akapiga kelele, "Naitaka!"

"Sijakuuliza hata jina," akasema Cik Meilan.

"Bayu! Naitaka!"

Wa pili aliulizwa udhaifu wake ni upi, akajibu, "Naitaka." Nikashika kichwa. Nimewafundisha neno moja na sasa hawana jingine.

Akaingia Tunjung. Wakaongea juu ya mapipa, chumvi na ukungu, wote wawili wamechangamka, hata nikasahau kuomba. Halafu Cik Meilan akasema, "Binti, kazi ipo. Unaitaka?"

Nilisikia mvua, nilisikia kijiko kantini. Nikaanza kusogeza midomo mwenyewe pale nje kama mama anayelisha mtoto.

"Kuna wenzangu..." Tunjung akaanza.

"Mh?"

"Kuna wenzangu wazuri, Cik. Waajiri na wao. Lakini hii naitaka mimi."

Nikabubujikwa na machozi palepale kwenye korido, mtu mzima mimi. Watano wameajiriwa, Bayu akiwemo. Cik Meilan anasema kiwanda kinahitaji mtu wa kelele kwenye idara ya masoko.

Mchana nikampeleka Cik Meilan kula wali wa nazi kwa muuzaji wa nje ya geti. Akauliza nani atakuwa mkuu wa ofisi mwaka ujao, kwa sababu anataka kuja kila msimu. Nikamwambia inafungwa. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote: Novemba, Bu Tiurma, hapana ya kwanza, hapana ya pili. Nilipofika kwa Pak Hargo na serabi, akapaliwa na wali ikabidi muuzaji ampige mgongoni.

"Kumbe!" akasema akifuta miwani. "Mama, ugonjwa huu wanafunzi wameupata kwako!"

"Ni adabu, Cik."

"Adabu? Yule binti wa Wonogiri anatetemeka kama jani, lakini kasema. Wewe unawafundisha wenzio kuogelea, mwenyewe umeshika ukuta. Mganga hajigangi, eh?"

Nilimkaribisha aongeze wali. Akaongeza mara ya kwanza.

Jumatano, 14 Januari

Nimekwenda kwa Bu Tiurma bila kuitwa. Nilijizoeza njiani: naitaka, naitaka, naitaka. Mtu mmoja wa baiskeli akanigeukia.

Nikaingia. Nikaanza na mvua, kwa sababu lazima mtu aanze mahali. Kutoka kwenye mvua nikaenda kwenye mto, kutoka mtoni nikaenda kwenye okidi zake dirishani. Alinisikiliza kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, hata akasema, "Eh, kweli, mvua ya mwaka huu." Nikaishiwa maua. Nikanyanyuka.

"Asante kwa kunipa habari za mvua, Bu Wigati," akasema.

Ndoo tano. Sitaki kuongea na mtu.

Alhamisi, 22 Januari

Leo Bu Tiurma ameniita.

Mbak Ajeng, dada aliye katibu wake, alinong'ona nikipita: "Mvumilie, Bu. Baraza limemwambia anawatisha watu. Mwezi mzima namfundisha adabu za Solo, na leo anazijaribu."

Nikaingia. Chai ilikuwa tayari mezani. Bu Tiurma akaniambia *monggo* kwa lafudhi ya Medan, kama mtu anayepigia mnada ng'ombe. Akauliza mama hajambo. Akauliza goti la mama. Mama hana shida ya goti, lile ni la Pak Hargo, lakini nikamshukuru. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo ilimpa taabu hata mishipa ya shingo ikamtoka, akaanza:

"Mvua ya mwaka huu, Bu Wigati. Mvua ikinyesha, mto unajaa. Mto ukijaa, na mchanga unahama. Mchanga haukukosa. Ni mto tu. Na pale mchanga unapohamia, huenda pakawa pazuri, pakavu, pana makabati..."

Nikamwelewa vizuri sana. Hii ndiyo lugha yangu, nimeinyonya. Mchanga ni mimi. Makabati ni masijala. Alikuwa ananihamishia masijala kwa adabu zote za nyumbani kwetu, na nikaona jinsi maneno haya yanavyomfunga mtu: ukiambiwa hivyo, unachoweza kujibu ni "Kama ndiyo amri yako." Na jibu hilo lilikuwa limeshafika ulimini. Nilihisi ladha yake.

Nikamfikiria Nuning. Nikaona hasira, hasira kweli, siyo kwa Bu Tiurma bali kwangu mimi.

"Naitaka," nikasema.

"Samahani? Sijamaliza mto."

"Ofisi, Bu. Naitaka. Naitaka mimi." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipanga, Mbak Ajeng akachungulia mlangoni. "Wahitimu watano wamepata kazi Surabaya wiki iliyopita na Cik Meilan anataka kurudi kila msimu. Namtaka Nuning kwa mkataba wa kudumu. Nataka dari. Nataka kiti kwenye baraza. Usiifunge. Nipe mimi."

Nikagundua nimesimama. Nikagundua pia kwamba nimekunywa chai yote.

Bu Tiurma akaegemea kiti, na sauti yake ya Medan ikamrudia yote kwa mkupuo mmoja. "Mimi nimehangaika wiki nzima na mito na mchanga, nakutafutia maneno ya upole! Kama ulikuwa unaitaka, kwa nini hukusema Novemba?"

"Nilisema, Bu," nikajibu. "Nilisema hapana."

Akanitazama. Akamtazama Mbak Ajeng mlangoni, na Mbak Ajeng akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa huzuni, kama daktari anayethibitisha ugonjwa. Bu Tiurma akaweka viganja vyote viwili usoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na mwisho akapasua kicheko ambacho nina hakika walikisikia maktaba.

"Ngoja," akasema akijifuta macho. "Na Pak Hargo? Na yule Bu Ratri?"

"Nao wanaitaka, Bu. Wanaitaka sana, na wanastahili."

"Sasa?"

"Sasa mimi ndiye niliyesema."